Faili Lisilofika Halipigi Kelele

Hoteli nyingi ninazozihudumia kama fundi wa kompyuta hapa Malindi, kuanzia Casuarina hadi njia ya Watamu, nilizikuta na mtindo mmoja wa kupeleka taarifa. Kijana wa mapokezi anapiga picha pasipoti za wageni kwa simu yake, anazituma WhatsApp kwa wakala aliyeko Italia, na picha zinabaki humo humo kwenye simu. Mhasibu naye anatoa ripoti ya mauzo ya siku kwenye Excel na kuiambatisha kwenye barua pepe ya kwenda kwa wakaguzi Mombasa. Nywila ya barua pepe hiyo imebandikwa pembeni mwa skrini. Siku mhasibu akiwa na harusi Lamu, ripoti haiendi, na hakuna anayejua mpaka mwisho wa mwezi wakaguzi wanapouliza mbona tarehe kumi na saba haipo.

Wakiniita, wanachotaka ni "usalama". Nitaueleza. Lakini kwa ninavyoijua kazi hii, kulifunga faili lisisomwe njiani ndiyo sehemu nyepesi, na programu za bure zinaifanya vizuri tangu zamani. Kinachokula muda ni kuhakikisha faili limefika zima, halikuingizwa mara mbili, na kwamba lisipofika kuna mtu anaambiwa usiku huo huo.

Njia kwanza. FTP, njia ya zamani ya kompyuta kupelekeana mafaili, ilibuniwa mwaka 1971, na kanuni zake zinazofuatwa hadi leo ziliandikwa 1985, enzi ambazo mitandao ilikuwa ya vyuo na maabara. Jina na nywila hupita wazi. Anayesikiliza katikati, hata akiwa kwenye Wi-Fi ya hoteli, anazisoma kama zilivyo. Bado nakutana na mifumo ya uhasibu ya kizamani isiyojua kingine. Huwa siigombezi: iandike faili lake kwenye folda ya ndani, na kazi ya kulitoa nje ya jengo ipewe programu nyingine.

Programu hiyo itumie SFTP. Mwaka 1995 Tatu Ylönen, akiwa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Helsinki, alitengeneza SSH, njia ya kuunganisha kompyuta mbili kwa mawasiliano yaliyofungwa, baada ya nywila kunaswa kwenye mtandao wa chuo chake. SFTP hupeleka mafaili ikipita ndani ya SSH, kwa mlango (port) mmoja tu wa mtandao, namba 22. Kuna pia FTPS, ambayo ni FTP ileile iliyovishwa TLS, ulinzi uleule unaofunga mawasiliano ya tovuti. Inataka milango kadhaa na inazisumbua faiwoli, yaani kinga zinazochuja kinachoingia na kutoka kwenye mtandao. Mshirika akikwambia "sisi twatumia FTP salama", muulize namba ya mlango. Akisema 22 ni SFTP. Akisema 21 au 990, basi ni ile nyingine, na andaa subira.

Kwenye SFTP sitaki nywila kabisa. Natengeneza jozi ya funguo kwenye kompyuta ya mteja kwa amri `ssh-keygen -t ed25519`. Ufunguo wa siri unabaki pale pale, hautumwi kwa yeyote, hata kwangu. Ule wa hadharani ndio unaopelekwa kwa mshirika, na huo hata ukipita WhatsApp si neno. Kila mshirika ana jozi yake, ili hoteli ikiachana na wakala mmoja ufutwe ufunguo mmoja na wengine wasiguswe.

Kuna upande wa pili ambao mafundi wengi wanauruka. Mara ya kwanza ukiunganisha, seva inakuonyesha alama yake ya utambulisho, msururu wa herufi na namba unaoanzia na `SHA256:`, na programu inakuuliza kama unaikubali. Skripti, yaani orodha ya amri zinazojiendesha zenyewe, haina mtu wa kujibu swali, kwa hiyo fundi anaandika `StrictHostKeyChecking=no`, yaani ikubali bila kuuliza, na kwenda zake kula mchana. Maana yake ni kwamba seva yoyote itakayojitokeza kwa jina lile inaweza kupokea pasipoti za wageni. Mimi hupiga simu. Fundi wa wakala mmoja wa Milano alinisomea alama yake kwa majina ya miji ya kwao, herufi kwa herufi: A ya Ancona, B ya Bologna, D ya Domodossola. Nikazifuata kwa kidole kwenye skrini hadi mwisho, zikalingana, nikaiweka seva hiyo kwenye `known_hosts`, orodha ya seva zinazoaminika. Simu ilikuwa fupi. Siku alama hiyo ikibadilika, kazi itagoma, na ndivyo ninavyotaka.

Siku hizi washirika wengi hawana seva yao. Wana hifadhi ya wingu, Amazon S3 au mfano wake. Hapo natumia rclone, programu ya bure inayoelewana na hifadhi nyingi za wingu pamoja na SFTP, hivyo mteja akihama huku kwenda kule skripti haibadiliki sana. Ila jihadhari na amri mbili zinazofanana sura. `rclone copy` inapeleka. `rclone sync` inaufanya upande wa pili ufanane na upande huu, na kufanana ni pamoja na kufuta. Diski ya nje ikichomoka na folda ikaonekana tupu, sync inaweza kutii na kusafisha wingu lote. Kwa mafaili ya biashara mimi ni mtu wa copy.

Akaunti inayopeleka nayo ipewe ruhusa ya kuweka tu, isiweze kufungua wala kufuta. Rclone itanung'unika kwa sababu imezoea kuchungulia kilichopo kabla na baada. Iongezee `--no-check-dest` na `--s3-no-head`. Washa pia utunzaji wa matoleo kwenye ndoo yako ya S3 (ndivyo wanavyoliita eneo lako la kuhifadhia), kwani mwenye ruhusa ya kuweka anaweza kuandika juu ya faili la zamani kwa jina lile lile. Ukifanya hivyo, mhalifu akiingia kwenye kompyuta ya mapokezi na kuyafunga mafaili yake ili adai fidia, nakala za mwaka jana hatazifikia.

Sasa tuje kwenye uzima wa faili, panaponichukulia saa nyingi kuliko funguo zote. Mfumo wa hoteli huandika ripoti kidogo kidogo. Skripti ikiamka kabla uandishi haujaisha, itachukua nusu, na nusu hiyo itasafiri salama salimini, imesimbwa barabara, ifike na kupokewa. Kwenye rclone `--min-age 5m` inaambia programu isiguse faili lililoandikwa ndani ya dakika tano zilizopita. Kwa kupeleka kwa SFTP, tumia jina la muda, mathalan `mauzo.csv.part`, na ulibadilishe likishafika lote. Mpokeaji anaagizwa asiangalie kitu chenye `.part`. S3 haina haja ya hayo, maana huko faili halionekani mpaka upakiaji ukamilike.

Halafu kuna hesabu ya SHA-256, msururu wa herufi na namba unaokokotolewa kutoka kwenye faili lenyewe, inayothibitisha kwamba kilichotoka ndicho kilichofika. Inafaa, nami naituma pamoja na kila faili. Lakini haijui lolote kuhusu mauzo. Ripoti ikitoka kwenye mfumo bila mauzo ya baa, hesabu italingana tu. Mhasibu wa hoteli moja, mama aliyefanya kazi benki kabla sijazaliwa, aliniambia wazi: "Mwanangu, hayo maherufi yako mimi sitayasoma. Nipe idadi na jumla." Tangu hapo kila faili ninalolipanga lina mstari wa mwisho unaotaja idadi ya risiti na jumla ya shilingi, na upande wa pili unajumlisha upya kabla ya kupokea. Benki zimefanya hivyo miaka na miaka. Visipolingana, faili linawekwa kando na watu wawili wanapata ujumbe.

Saa ni balaa jingine, hasa kwa sisi tunaofanya kazi na Waitaliano. Kenya haibadilishi saa. Tuko mbele ya saa ya UTC kwa saa tatu mwaka mzima. Italia hubadilisha Jumapili ya mwisho ya Machi na ya Oktoba, hivyo tofauti yetu ni saa mbili wakati wao wa baridi na saa moja wakati wao wa joto. Wakala anayetaka orodha ya wageni kabla ya saa mbili asubuhi ya kwao ataipata mapema Januari ukipanga kazi saa tatu na nusu asubuhi ya Malindi. Aprili, kazi ile ile itamfikia imechelewa nusu saa. Seva zangu zote zinasoma UTC, na napanga kwa saa ya mapema zaidi ya hizo mbili. Na mteja akiniambia "saa nane usiku", naandika 02:00 mbele ya macho yake kabla hatujaendelea.

Umeme mnaujua. Agosti 2023 giza lilipoingia karibu nchi nzima, mengi yalisimama, na hapo ndipo tabia ya cron, programu ya Linux ya kuanzisha kazi kwa saa iliyopangwa, inapoonekana: kompyuta ikiwa imezimwa saa ya kazi, cron haikumbuki deni, kazi hiyo imepita. Tumia taima za systemd, mpangaji mwingine wa kazi kwenye Linux, zenye `Persistent=true`, au kwenye Windows uweke alama kwenye chaguo la kuendesha kazi iliyokosa wakati wake. Intaneti nayo, Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipokatika, ilikuwa ya kusuasua. Skripti ijaribu tena kwa nafasi zinazopanuka: dakika moja, tano, kumi na tano, saa. Ila ukijaribu tena lazima jina la faili libebe tarehe na namba, ili mpokeaji akilipata mara mbili asiingize mauzo mara mbili.

Wapo wanaoniuliza kama wasinunue tu mfumo mkubwa wa kigeni wakapumzika. Mei 2023 genge la Cl0p lilipenya kwenye MOVEit Transfer, mfumo wa kulipiwa uliotengenezwa kwa kazi hii hii, kupitia upenyo ambao mtengenezaji alikuwa hajauziba, na mashirika mengi sana duniani yakapoteza taarifa. Siwacheki, upenyo wa aina hiyo unaweza kumkuta yeyote. Kilichoibiwa kilikuwa mafaili yaliyokuwepo kwenye seva hizo. Kwangu seva ya kupitishia si ghala: mpokeaji akithibitisha, faili linafutwa, na kwenye nakala za wingu pasipoti zina tarehe yao ya kufutwa zenyewe. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 inataka uvujaji wenye hatari kwa wahusika uripotiwe kwa Kamishna wa Data ndani ya saa 72, na fundi kama mimi ninayeshika data kwa niaba ya hoteli nina saa 48 za kumjulisha mwenye hoteli. Ukiwa na picha za miaka mitatu kwenye seva ya njiani, hizo saa ni chache mno.

Nimeacha la ukimya mwisho kwa sababu bila hayo mengine halina maana. Skripti nyingi hutuma ujumbe zikishindwa. Lakini kompyuta iliyozimwa haiwezi kutuma ujumbe kwamba imezimwa. Kwa hiyo nageuza: kazi ikifaulu, inagonga anwani fulani ya mlinzi aliye nje ya jengo, kwenye seva nyingine kabisa. Mlinzi asipogongewa hadi 04:00, yeye ndiye anayetuma ujumbe, kwa zamu ya namba mbili, ya mhasibu na ya meneja, maana mmoja huwa likizo.

Mwezi wa tano, mvua za masika zikikaza na hoteli kadhaa za pwani zikafunga, swali linakuja: hakuna wageni, je, faili liende? Liende. Linabeba kichwa cha safu na mstari wa mwisho unaosema risiti 0, jumla 0. Wakala wa Milano alilalamika mwanzoni kwamba namjazia folda kwa mafaili matupu. Nikamwambia ayafute mwenyewe baada ya wiki, kwa skripti, nami nitamwandikia.