Fangasi wanavyowasiliana, na kwa nini wanarudi baada ya dawa

Fangasi hana mdomo wala masikio. Anawasiliana vipi?

Kwa kemikali. Mchukue Candida albicans, anayeleta muwasho ukeni na utando mweupe mdomoni. Watu wengi wenye afya njema wanaishi naye bila madhara. Ana maumbo mawili makuu: seli ndogo za mviringo, na nyuzi ndefu zinazopenya ngozi laini. Kila seli hutoa kemikali iitwayo fanesoli, ambayo mwaka 2001 wanasayansi waliitambua kuwa ni ishara. Seli zikiwa chache, fanesoli nayo huwa kidogo, na kwenye nyuzijoto 37 zinaanza kuchipua nyuzi ndani ya saa chache. Zikisongamana maabara hadi kufikia kama milioni moja kwa mililita, fanesoli inajaa na nyuzi mpya hazitoki. Kemikali nyingine, tairosoli, inafanya kinyume: inaharakisha nyuzi.

Mbona muwasho ulianza nilipomaliza antibayotiki?

Antibayotiki haimuui fangasi. Inaua majirani zake. Ukeni kuna bakteria aina ya Lactobacillus wanaotengeneza asidi ya laktiki na kuweka pH (kipimo cha uasidi) kati ya 3.8 na 4.5, na kemikali zao humzuia Candida asichipue nyuzi. Bakteria wengine nao wana usemi wao: Pseudomonas aeruginosa hutoa ishara inayofanana kiasi na fanesoli, na Candida akiipokea hubaki mviringo. Kwa hiyo mkojo ukichoma, usikimbilie duka la dawa ukanunua antibayotiki ya UTI kwa kubahatisha. Pima mkojo kwanza, iwe uko Tabora mjini au kwenye zahanati ya Sikonge. Unapojisafisha, tumia maji tu, tena kwa nje. Sabuni, ndimu na siki zikiingizwa ndani zinavuruga walinzi walewale.

Nimetumia dawa na bado amerudi. Tatizo ni nini?

Kwanza hakikisha ni fangasi kweli. Uchafu wa fangasi ni mweupe, mzito kama maziwa yaliyoganda, unawasha na kwa kawaida haunuki. Ukinuka shombo ya samaki, hilo ni jambo la bakteria na dawa yake ni nyingine.

Kama ni fangasi, mara nyingi dozi haikukamilika. Klotrimazoli ya ukeni hutumika miligramu 500 usiku mmoja, au miligramu 100 kila usiku kwa siku 6 hadi 7. Lala chali, isukume ndani kabisa, kisha usinyanyuke. Ukiiweka asubuhi na kutembea, nusu inavuja. Flukonazoli ya kumeza ni miligramu 150 mara moja. Mjamzito asiimeze: yeye atumie klotrimazoli ya siku 7 kwa maelekezo ya kliniki.

Pili ni utando. Seli zikishikana juu ya meno ya bandia au mpira wa mkojo, hujifunika kwa ute wa sukari unaoinasa dawa kabla haijazifikia. Kumeza dawa huku kifaa kikibaki kichafu ni kupoteza fedha. Meno ya bandia yatolewe usiku, yasuguliwe kwa brashi na sabuni, yalale kwenye maji safi.

Akirudi mara tatu au zaidi kwa mwaka, pima sukari na VVU. Mtu mzima mwenye utando mdomoni na maumivu anapomeza asisubiri, aende hospitali.

Mtoto mchanga ana weupe ulimini. Ni maziwa au fangasi?

Futa taratibu kwa kitambaa safi chenye unyevu. Maziwa yanatoka. Fangasi hushikilia, na akibanduka huacha wekundu au damu kidogo. Dawa ni nistatini ya maji: mililita 1, mara 4 kwa siku, baada ya kunyonya, siku 7. Gawa nusu kila upande wa shavu. Chuchu za mama zikiuma au kuwasha, naye atibiwe, la sivyo wataambukizana tena.

Na ukungu wa karanga?

Aspergillus flavus, ukungu unaotoa sumu iitwayo sumukuvu, naye hupima msongamano wa wenzake, kwa kemikali za mafuta. Majaribio ya maabara yameonyesha kwamba wakiwa wachache hutengeneza sumu zaidi kuliko wakisongamana. Ndiyo maana punje chache zenye ukungu si jambo la kupuuza. Sumukuvu haimalizwi kwa kukaanga wala kuchemsha, na mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara. Anika karanga juu ya turubai, si chini kwenye udongo, mpaka unyevu wa punje ushuke chini ya asilimia 7. Chambua zilizosinyaa, zilizopasuka na zilizobadilika rangi, uzifukie, usiwape kuku. Na ule mtindo wa kulowesha maganda ili kubangua kuwe rahisi tuuache: unamrudishia ukungu unyevu mliokwisha kuukausha juani.