Bosi "hakujua" mayai ni machafu: anaweza kwenda jela?

Wengi wakisikia rufaa wanadhani kesi inaanza upya, mashahidi wanaitwa tena, ushahidi unamwagwa tena mezani. Sivyo. Majaji wa rufaa kazi yao kubwa ni kusoma jalada na kuangalia kama sheria imetumika sawasawa, na kwenye kesi za chakula kilichowafanya watu waugue swali linaloninyima usingizi mimi kama mwanasheria ni hili, bosi ambaye hakuna aliyethibitisha kwamba alijua mzigo una vimelea, unamfungaje?

Kesi nzuri ya kujifunzia ni ya Marekani, ya mzee Jack DeCoster na mwanawe Peter. Kampuni yao Quality Egg ilifuga kuku wa mayai jimbo la Iowa. Mwaka 2010 mayai yao yakaeneza salmonela, bakteria wa kuharisha, wagonjwa waliothibitishwa walikuwa 1,939 na makadirio yakafika 56,000, mayai zaidi ya milioni 500 yakarudishwa toka sokoni. Baba na mtoto wakakiri kosa la kuingiza sokoni chakula kisichofaa, na upande wa mashtaka nao ukakubali kwamba uchunguzi haukupata mtu yeyote pale aliyejua kuwa mayai yale yana salmonela. Mwaka 2015 Jaji Mark Bennett akawapa miezi 3 jela kila mmoja na faini ya dola 100,000 kila mmoja. Wakakata rufaa, faini siyo shida yao, wakasema jela bila nia ovu ni kinyume cha katiba.

Sasa hapo ndo utamu. Tangu kesi ya Park ya 1975, yule bosi wa maduka ya Acme aliyekutwa na hatia sababu ya panya kwenye ghala la Baltimore, sheria inasema mkubwa mwenye mamlaka ya kuzuia uchafu anawajibika hata kama si yeye aliyefanya kosa kwa mkono wake. Ila Park alipigwa faini ya dola 250 tu basi, jela haikuwepo.

Majaji watatu wa Mahakama ya Rufaa ya Kanda ya Nane wakaamua Julai 2016 na kila mmoja akaenda njia yake. Jaji Murphy akasema hawa hawafungwi kwa makosa ya wafanyakazi, wanafungwa kwa wao wenyewe kushindwa kuzuia. Jaji Beam akakataa kabisa, kwake jela bila nia ovu haiwezekani. Katikati yuko Jaji Gruender, alikubali kifungo lakini kwa sababu uzembe wao ulionekana kwenye jalada, na mimi nasimama naye huyo.

Maana jalada lenyewe linatisha jamani. Vipimo vya mashamba yao toka 2006 hadi 2010 vinaonyesha salmonela inapanda tu, wakaguzi walipoingia wakakuta panya wazima na waliokufa, vyura, na banda moja samadi ilikuwa imejaa mpaka imesukuma wavu ukatoka mlangoni na panya wakapata njia ya kuingia. Halafu kuna wafanyakazi waliomhonga mkaguzi wa serikali na lebo za tarehe zilizodanganya umri wa mayai! Mtu mwenye majibu ya vipimo kama hayo mezani miaka minne akisema hakujua yai gani lina vimelea, anasema kweli na bado hajajibu swali, kwa sababu swali ni alifanya nini baada ya kusoma yale majibu.

Mei 2017 Mahakama ya Juu kabisa ya Marekani ikakataa kuisikiliza, vifungo vikabaki. Kwa hiyo mteja wangu wa biashara ya chakula akija, cha kwanza namwomba faili la vipimo, na pembeni ya kila jibu baya nataka kuona tarehe, nani aliambiwa, na banda lilisafishwa lini. Kama pembeni kuko tupu tunaanzia hapo hapo, kabla mtu hajaugua.