Si kweli kwamba AK haikwami kamwe
Kuna ujumbe usiokoma kuzunguka kwenye makundi ya WhatsApp hapa Kisumu, hasa ya walinzi na askari wastaafu: eti AK-47 haikwami hata ukiitoa kwenye matope ya Nyando, ilhali M16, bunduki ya jeshi la Marekani, hukwama kila mara kwa kuwa gesi huingia ndani ya mtambo wake.

Habari ya gesi ni kweli. Kwenye AK, gesi ya baruti husukuma pistoni. Kwenye M16 hupita kwenye kijibomba hadi kwenye kibebea bolti (kipande kinachobeba bolti, yaani kifungio kinachosukuma risasi ndani) na kuacha masizi humo. Lakini masizi peke yake si kukwama.

Dhana hii ilitoka kwenye vita vya Vietnam miaka ya 1960, na wanajeshi wa Marekani waliolalamika kuhusu M16 hawakusema uongo. Ila baruti ilikuwa imebadilishwa, chemba (mahali risasi inapokaa kabla ya kufyatuliwa) haikupakwa kromu, madini ya kuzuia kutu, ikashika kutu, na wengi hawakupewa vifaa vya kusafishia. Hayo yaliporekebishwa, kukwama kulipungua sana, na mfumo wa gesi ulikuwa uleule! Hapo ndipo watu huchanganyikiwa.

AK nayo, ukishusha kizuizi cha usalama, hufungua mwanya ubavuni ambao matope hupenya. Magazini (kisanduku cha risasi) iliyobonyea huweza kukwamisha bunduki yoyote inayoitumia.

Ukitaka kuhakiki, soma vitabu vya maelekezo vya bunduki zote mbili: vyote huagiza mfumo wa gesi usafishwe. Tafadhali usiusambaze ujumbe huo. Mlinzi akiuamini, ataacha kusafisha silaha anayoitegemea usiku kucha.