Bata amelegea shingo: kabla hujamnywesha kitu chochote

Swali ninaloulizwa kuliko yote na wafugaji wa bata wa nyumbani ni hili: "Daktari, bata wangu amekula sumu, nimpe nini?" Mara nyingi huja usiku, na anayeuliza tayari ameshika bilauri ya maziwa au chupa ya mafuta ya kupikia. Jibu langu la kwanza huwaudhi wengi. Usimpe kitu. Mtoe majini, mkalishe akiegemea kifua chake, mwinue kichwa, halafu tuzungumze.

Siku zile za mwanzo za kazi hii nilipasua bata mmoja aliyeletwa kwangu kama "aliyekufa kwa sumu". Mapafu yake yalikuwa yamejaa maziwa. Alikuwa amelegea, ndiyo, lakini kilichomuua kiliingia kwa mdomo kikiitwa dawa. Ukimfunua bata mdomo utaona tundu la njia ya hewa liko nyuma tu ya ulimi, na hana kile kifuniko tulicho nacho sisi cha kuliziba chakula kinapopita. Bata mzima hulifunga mwenyewe anapomeza. Aliyepooza hawezi, kwa hiyo chochote utakachomimina kina njia mbili za kwenda, na hutajua kimefuata ipi mpaka uanze kumsikia akikoroma. Tena maziwa yenyewe hayazimui sumu yoyote, na tumbo la ndege haliwezi kusaga sukari iliyomo ndani yake. Mafuta ni mabaya zaidi: baadhi ya sumu huyeyuka ndani ya mafuta, na ukimnywesha unazisaidia kuingia mwilini.

Nami nimewahi kukosea. Nilimpa bata jike mkaa wa hospitali, ule wa unga mweusi unaonasa sumu tumboni, kabla ya kumpima kama anameza. Dawa ilikuwa sahihi, kipimo kilikuwa sahihi, na asubuhi alikuwa amekufa na weusi ukiwa umetapakaa mapafuni. Tangu hapo nina kipimo changu kidogo: nadondosha tone moja la maji kwenye ncha ya mdomo. Akilamba na kumeza, tunaendelea. Asipomeza, hakuna kitakachopita mdomoni kwa mkono wa mtu ambaye hajafundishwa kupitisha mrija.

Sasa, sumu gani? Hapa ndipo watu huniona mdadisi kupita kiasi, kwa sababu nauliza zaidi ya ninavyojibu. Bata wamekula nini, wako wangapi walioumwa, bwawa limetuama tangu lini, kuna mzoga, jirani amepuliza dawa shambani, nyumba inapakwa rangi, umetega sumu ya panya? Swali hilo la mwisho hujibiwa kwa kigugumizi. Waliosema mficha maradhi kifo humuumbua walijua: nusu saa ya aibu yako ni nusu saa ya bata bila dawa.

Ugonjwa ninaoukuta zaidi kwa bata waliolegea ni botulizimu. Kwanza bata anatembea kama mlevi, kisha miguu inakataa, kisha mbawa zinaburuta. Ule utando mwembamba unaopita juu ya jicho lake, kope lake la tatu, unaanza kuchelewa kurudi. Mwisho shingo inalala chini kama kamba. Akiwa bwawani wakati huo, huzama kwenye maji ambayo jana yake alikuwa akiyachezea. Hana homa ya kumtia utusitusi. Ukimtazama anakutazama, anakujua, ila mwili haumtii. Ni ugonjwa wa kutisha kuuona kwa mara ya kwanza.

Kinachofanya hivyo ni sumu ya bakteria anayeitwa Clostridium botulinum, kwa bata mara nyingi ile ya aina C. Mbegu zake hukaa kwenye tope miaka na miaka bila kumdhuru mtu. Zikipata joto, mahali pasipo hewa na nyama inayooza, huamka na kutengeneza sumu. Samaki aliyekufa ukingoni anatosha, au panya, au bata mwenyewe. Nzi hutaga juu ya mzoga, funza hula nyama yenye sumu na sumu haiwadhuru hata kidogo. Bata akija na kuwadonoa wachache tu, amejaza dozi yake. Naye akifa nyasini bila kuonekana, anakuwa mzoga mwingine wenye funza wengine. Ndiyo maana botulizimu huanza na bata mmoja Jumatatu na kuwa bata tisa Ijumaa, na mwenye bata anaapa kwamba kuna mtu mwenye husuda aliyewatilia kitu.

Dawa mahususi ya kuipinga sumu hii ipo, lakini kuipata ni shida, na mimi sehemu kubwa ya kazi nimeifanya bila hiyo. Habari njema ni kwamba sumu haiui mishipa ya fahamu, inaziba tu mawasiliano kati ya mshipa na msuli. Muda ukipita, mawasiliano hurudi. Kwa hiyo kinachotakiwa ni bata kuishi mpaka siku hiyo ifike, na kinachomuua kabla yake ni kiu, jua, maji ya kuzama, au kichwa kilicholala vibaya. Hayo yote yamo ndani ya uwezo wa mtu wa nyumbani mwenye taulo na subira.

Basi nieleze ninavyomweka. Sanduku lenye kuta za kumzuia asipinduke, ndani taulo iliyokunjwa duara kama kata ya kubebea mtungi, yeye akikaa katikati na kifua chini. Akilala ubavu, uzito wake mwenyewe humbana pumzi. Kidevu kinaegemea ukingo wa taulo, pua zikiwa juu. Mahali pawe na kivuli, pakavu, pa vuguvugu, kama nyuzi 27 hadi 30 za Selsiasi. Joto la mwili wa bata ni 41 hadi 42, kwa hiyo kiganja chako ni kipimo kibaya, kila bata mzima atakuonekea ana homa. Mgeuze kidogo kila baada ya saa chache, msafishe nyuma asije akashikwa na nzi, na kama kope halifungi, lowesha macho kwa maji safi ya chumvi kidogo ya dukani, yale ya kuoshea macho, ili yasikauke. Hakuna beseni la kuogelea. Najua anapenda maji. Hakuna.

Maji ya kunywa ndiyo tiba yenyewe. Anayemeza, shika kichwa chake kwa mkono mmoja, zamisha ncha tu ya mdomo kwenye bakuli huku pua zikibaki nje, umwache ateke mwenyewe. Fanya hivyo kila saa mchana kutwa. Siku ya kwanza unaweza kumpa maji ya sukari na chumvi ya kawaida ya mtoto anayeharisha: lita moja, vijiko vidogo sita vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi. Usizidishe chumvi kwa kudhani unamsaidia, maana bata chumvi humdhuru upesi. Asiyemeza anahitaji mrija laini unaopita upande wa kulia wa mdomo wake hadi chini ya shingo, na hapo mimi huanza na mililita 10 kwa kila kilo ya uzito, nikiongeza polepole nikiona zinakaa. Lakini mrija ni wa kufundishwa kwa mkono. Maandishi yangu hayatoshi, na sitajaribu. Daktari wa mifugo anaweza pia kumpa maji kwa sindano chini ya ngozi, ambayo haina hatari ya kumpalia.

Nadhani umeona sijataja chumvi ya Epsom wala molasi, zile dawa za kuharisha ambazo kila mfugaji mkongwe anazo kichwani. Sizichukii. Kama umemwona bata akimeza kitu kibaya saa hii hii, ana nguvu na anameza vizuri, kusafisha tumbo kuna maana. Kwa aliyelegea kunamwongezea kupoteza maji. Tena ile chumvi ina magnesiamu, nayo magnesiamu hulegeza misuli zaidi, kwa hiyo ukimpa mwenye botulizimu unasaidiana na sumu.

Kuna sumu ambazo taulo haitoshi, na dalili zake unapaswa kuzitambua upesi. Bata anayetokwa mate na machozi, anaharisha maji, anatetemeka na kuhema kwa shida muda mfupi baada ya shamba kupuliziwa, huyo mfikirie viuatilifu. Hapo ni mbio: daktari ana sindano ya atropini na dakika zina thamani. Unachoweza kufanya wewe ni kuvaa glavu, kumwosha manyoya kwa sabuni ya vyombo na maji ya vuguvugu, umkaushe, na njiani uchukue chupa ya dawa yenyewe au upige picha ya karatasi yake. Dawa hizo zinaingia hata kwenye ngozi yako.

Sumu ya panya hudanganya. Nyingi ya hizo huzuia damu kuganda, na siku kadhaa hupita bata akiwa mchangamfu kabisa kabla hujaona damu kwenye kinyesi au uvimbe chini ya ngozi. Ukimwona ameila, usisubiri dalili. Tiba ni vitamini K1, inatolewa kwa wiki kadhaa, na ile K3 iliyomo kwenye vitamini za kuku za pakiti haifanyi kazi hiyo.

Madini ni hadithi ya polepole. Bata huokota vinavyong'aa: vipande vya waya wa fensi, misumari midogo, sarafu, risasi za kuvulia samaki. Firigisi ambayo Mungu aliiumba kusaga mbegu inasaga zinki na risasi vilevile, asidi ya tumbo inaviyeyusha, na kwa wiki nzima bata anakonda, mbawa zinashuka, kinyesi kinakuwa kijani kikali. Picha ya eksirei huonyesha chuma kikiwa kimekaa palepale. Mkaa hauyanasi madini, molasi haiyatoi. Kuna dawa za kuyafunga ndani ya damu, nazo ni za daktari. Mayai ya bata huyo yasiliwe, kwani risasi huingia ndani ya yai.

Kuhusu chakula chenye ukungu nitakuwa mkali. Mwaka 1960 huko Uingereza bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa kwa ugonjwa usiojulikana, na vifaranga wa bata wakafa pia. Chanzo kilikuwa mashudu ya karanga yaliyoota ukungu. Hivyo ndivyo dunia ilivyoijua sumukuvu iitwayo aflatoksini. Vifaranga wa bata huathirika nayo kwa kiasi kidogo sana, hata maabara ziliwatumia kuipima. Kuchemsha hakuiondoi, kuanika hakuiondoi, na kuokota punje zenye rangi mbaya hakuhakikishi zilizobaki. Ini likiisha kuungua hakuna dawa. Mwaga gunia.

Na pengine si sumu. Kifaranga mwenye miguu iliyopinda, anayekaa kwa magoti huku anakula kwa hamu, mara nyingi amekosa vitamini iitwayo niasini: bata anahitaji kama miligramu 55 katika kila kilo ya chakula, zaidi ya kuku, na chakula cha vifaranga wa kuku hakimtoshi kila mara. Hilo ni rahisi. Lisilo rahisi ni hili: bata wengi wakifa ghafla, shingo zikijipinda kama za mtu aliyekunjwa badala ya kulegea, wengine wakitetemeka kwa kifafa au macho yakiwa na ukungu wa buluu, acha kila nilichosema hapo juu. Hiyo inaweza kuwa mafua ya ndege. Usipasue, usihamishe, usimpelekee jirani aangalie. Vaa barakoa na glavu, toa taarifa kwa ofisi ya mifugo.

Akifa mmoja na hujui sababu, mfunge kwenye mifuko miwili na umweke ndani ya ubaridi, mbali na chakula cha watu, bila kumgandisha. Barafu huharibu nyama tunayotaka kuitazama kwa hadubini. Weka na kopo la chakula chao na kopo la maji ya bwawa. Usimle, hata kama alichinjwa dakika ya mwisho na anaonekana mnene.

Huku mgonjwa akiwa sandukuni, wenzake wafungiwe mahali pakavu penye maji ya bomba, nawe uzunguke bwawa kwa miguu. Nenda taratibu, inua majani kwa fimbo, fuata nzi. Mzoga uliofichika hunuka kidogo kuliko unavyotarajia. Ukiupata, uchome au uufukie chini sana pamoja na udongo wa pale ulipolala, maana funza wengi huwa wameshashuka kwenye udongo huo. Rudi kesho, na keshokutwa, kila asubuhi mpaka wiki mbili zipite bila bata mpya kulegea.

Aliyelegea kidogo huanza kunyanyua kichwa ndani ya siku mbili au tatu. Aliyefikia shingo huchukua wiki, na wengine hawafiki. Shingo hutangulia, kisha mbawa, miguu huwa ya mwisho. Akiweza kusimama, mpe beseni lenye maji ya kufika vifundo tu, ukiwa umekaa naye, kwa sababu manyoya ambayo hayajatunzwa siku nyingi hunywa maji badala ya kuyatema. Bata wa kwanza niliyemponya hivi aliingia, akazamisha kichwa, akajimwagia mgongoni, kisha akanidonoa kidole mpaka kikatoka damu.