Je, wajua kwa nini simu ya bei nafuu hukaa na chaji lakini huganda mapema?

Simu janja za chini ya shilingi 300,000, kuanzia maduka ya Stendi Ndogo ya Arusha hadi katikati ya mji wa Moshi, zina tabia mbili zinazoonekana kupingana. Ukiichomoa kwenye chaji asubuhi, inakufikisha usiku. Lakini ikishatumika miezi kadhaa, kufungua WhatsApp tu inafikiria kwanza.

Tuanze na chaji. Betri yenyewe si ya ajabu: nyingi zina ujazo wa 5,000 mAh (kipimo cha chaji inayobebwa), sawa na simu nyingi za bei mbaya. Nafuu inatoka kwenye kioo. Kioo cha pikseli (nukta ndogo zinazounda picha) 1600 kwa 720 kina pikseli kama milioni 1.15, wakati cha 2400 kwa 1080 kina karibu milioni 2.6. Prosesa ina kidogo cha kuchora, na mwanga wa kioo nao ni hafifu. Ndiyo maana bodaboda aliyepaki Mnara wa Saa saa sita mchana anaikinga simu kwa kiganja ili asome meseji ya muamala. Chaja pia huwa ndogo. Ya wati 10 inataka saa mbili na nusu hadi tatu kujaza betri hiyo. Umeme ukirudi kwa nusu saa, utapata kama robo tu.

Sasa kuganda. Wengi hulaumu RAM, yaani kumbukumbu ya muda ya programu zilizo wazi, na kweli GB 2 au 3 hazitoshi siku hizi. Ila mkosaji mkubwa ni hifadhi, yaani sehemu zinapokaa programu na picha zako. Simu nyingi za bei hii zina chipu ya eMMC, ambayo kwa wakati mmoja ama inasoma ama inaandika. Chipu ya UFS, inayowekwa kwenye simu za bei ya juu, hufanya yote mawili kwa pamoja. Angalia kinachotokea picha 40 za kamati ya harusi zinapoingia kwenye grupu: chipu inaandika picha, na papo hapo wewe unafungua programu ya benki inayopaswa kusomwa kutoka chipu hiyohiyo. Inasubiri zamu. Kioo kinatulia, unabonyeza tena na tena, na kila bonyezo linaongeza foleni.

Hifadhi ikikaribia kujaa ndiyo balaa. Chipu hizi haziandiki juu ya data ya zamani; lazima zifute fungu zima kwanza, na kabla ya kufuta zihamishe kile kinachohitajika bado. Nafasi ikikosekana, hata kuhifadhi picha moja kunageuka kazi kubwa. Acha wazi asilimia 20 hivi, yaani kama GB 13 kwa simu ya GB 64. Kwenye WhatsApp, ingia Mipangilio, kisha Hifadhi na data, uzime upakuaji wa picha na video unaojiendesha wenyewe. Ukimaliza, fungua Dhibiti hifadhi ufute video kubwa.

Boksi likiandikwa RAM GB 8, soma maandishi madogo: mara nyingi ni 4+4. Nne za pili zimekopwa kwenye hifadhi ileile ya polepole. Simu ikiwa nzito, zima mkopo huo kwenye mipangilio, iwashe upya, uone tofauti. Kwa maoni yetu, GB 4 halisi zenye hifadhi ya GB 128 ni bora kuliko 8 za kwenye boksi zenye hifadhi ya GB 64.

Kamera ya megapikseli 50 huunganisha pikseli nne kuwa moja, hivyo picha ya kawaida hutoka na kama 12.5. Mchana inapendeza. Usiku, au ukivuta simba wa mbali kule Ngorongoro, inakuwa chengachenga. Lenzi zinazoizunguka mara nyingi ni za megapikseli 2 au pungufu, kwa hiyo usiziongezee bei.

Kinachosahaulika ni kwamba simu hizi mara nyingi hubeba laini mbili na kadi ya memori kwa pamoja, na bado zina tundu la earphone, hivyo redio ya FM unasikiliza bila bando. Simu nyingi ghali zimeshaacha hayo.

Kabla ya kulipa, ingia sehemu ya Kuhusu simu uangalie tarehe ya sasisho la usalama. Ikiwa ni ya zaidi ya mwaka mmoja nyuma, omba simu nyingine. Kisha piga *#06#, ulinganishe namba ya IMEI (namba ya utambulisho wa simu) na ile ya kwenye boksi, na uitume kwa meseji kwenda 15090 kuhakiki kama si feki.