Mradi wa Maji Usikate Njia ya Samaki

Mradi wa maji unapobuniwa mkoani Kigoma, swali la kwanza huwa ni kiasi cha maji kitakachowafikia wananchi, na ni haki iwe hivyo, kwa kuwa Sera ya Taifa ya Maji ya mwaka 2002 iliyapa mahitaji ya msingi ya binadamu kipaumbele cha kwanza. Sera hiyohiyo iliyaweka mazingira katika nafasi ya pili, na nafasi hiyo ndiyo husahaulika mchoro wa banio, yaani ukuta mdogo wa kukinga maji mtoni, unapoandaliwa.

Mto Malagarasi, unaopokea maji ya Moyowosi, ya Ugalla kutoka Tabora na ya Ruchugi pale Uvinza, humwaga maji yake katika Ziwa Tanganyika baada ya kupita kwenye ardhioevu ambayo mwaka 2000 ilikuwa ya kwanza nchini kuingia katika orodha ya Mkataba wa Ramsar, ule wa kimataifa wa kulinda ardhioevu. Mvua zinapoanza, kambale na samaki wengine hupanda vijito na kuingia kwenye mbuga zilizofurika ili kutaga mayai. Banio la zege linalomfika mtu magotini, ambalo mhandisi huliona dogo, latosha kuwazuia samaki wengi wadogo wasipite. Kwa maoni yangu, mabanio ya namna hii yanastahili jicho kali zaidi, maana bwawa kubwa halijengwi bila tathmini ya athari kwa mazingira na mjadala mrefu, ilhali banio la kijiji hupita kimyakimya.

Hatari kubwa ni kuuamini mto uliopimwa masika. Mto uliofurika mwezi Machi waweza kuwa mkondo mwembamba ifikapo Septemba, na pampu itaendelea kuvuta kiasi kilekile. Kwa hiyo maji yanayoombewa kibali kwa Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Tanganyika yakokotolewe kutokana na mtiririko wa mwisho wa kiangazi, baada ya kutenga yale yatakayobaki mtoni. Hifadhi hiyo ijengwe ndani ya banio lenyewe, kwa kuacha mwanya ulio chini zaidi ya mdomo wa bomba, ili mto upate haki yake kwanza na mradi uchukue kinachozidi. Ahadi ya kufungua koki kwa mkono haidumu, hasa foleni ya ndoo inapokuwa ndefu kijijini. Mwanya huohuo ukiwekewa mteremko wa mawe huwa pia njia ya samaki.

Mdomo wa bomba uwe na chujio lenye matundu ya takriban milimita mbili, tena liwe pana, kwa sababu chujio finyu huongeza kasi ya maji na kuwabana samaki wachanga hata kama hawapiti.

Uchimbaji ufanyike kiangazi, na udongo usirundikwe ukingoni, kwani tope huziba matamvua ya samaki na kufunika mayai, na likifika ziwani hufunika miamba ambako samaki hula mwani. Maji yaliyogusa saruji mbichi yana ukali kama wa magadi unaoua samaki, hivyo yasiachwe kutiririkia mtoni.

Jambo la mwisho hufanywa na fundi siku ya kukabidhi mradi, mara nyingi kwa haraka: kusafisha mabomba kwa klorini nyingi. Maji hayo yasifunguliwe kuelekea kijitoni. Yaachwe kwanza shimoni hadi klorini iishe nguvu, na fundi ayapime kabla ya kuyatoa.