"Dokta, Hii Imeshapimwa Maabara"

Mgonjwa wa kisukari ananiambia hivyo akiwa na chupa ya dawa ya mitishamba, maji ya kahawia, mkononi, au picha ya cheti chake kwenye simu, huku sukari yake ya damu imefika 19, juu mno, kwa sababu metformin, kidonge chake cha kisukari, ameacha kumeza. Mimi mwenyewe napima mimea, na kauli hiyo inaniumiza kuliko zote ninazosikia kliniki.

Imepimwa nini? Vyeti vingi ninavyoonyeshwa ni vya usalama: mkemia ametafuta sumu, madini mazito kama risasi, au vimelea. Cheti kikiwa safi, sampuli ile haikuwa na vitu vile. Kuhusu sukari hakisemi neno.

Wengine wana majibu ya kwenye bomba la kioo: dondoo la majani limezuia kimeng'enya kinachovunja wanga. Mmea wowote wenye tanini nyingi unaweza kufanya hivyo, kwa kuwa tanini hunasa protini za kila aina. Hata chai ya rangi hufaulu mtihani huo.

Halafu panya, na hapa ndipo watu hushangilia mapema mno. Panya hudungwa streptozotosini, seli za kongosho zinazotengeneza insulini zinakufa, sukari inapanda ndani ya siku chache, kisha ananyweshwa dondoo kwa wiki kadhaa. Kisukari hicho hakifanani na cha mama wa miaka 55 ambaye kongosho lake bado linatoa insulini ila mwili umekuwa sugu kwake. Na dozi je? Miligramu 400 kwa kila kilo ya panya ni kiwango cha kawaida. Kupata dozi ya binadamu kutoka ya panya tunagawanya kwa 6.2, kwa hiyo mtu wa kilo 60 atahitaji karibu gramu 3.9 za dondoo kavu. Ikiwa gramu 100 za majani makavu zimetoa gramu 10 za dondoo, hayo ni majani gramu 39 kila siku. Nani anachemsha kiasi hicho? Na anayechemsha anabebesha ini na figo mzigo ambao jaribio la panya la wiki nne haliwezi kuutolea ushahidi.

Ninachokubali ni jaribio la watu: makundi mawili yaliyopangwa kwa bahati nasibu, moja linapata dawa na jingine kidonge kitupu kisicho na dawa, HbA1c (sukari iliyonata kwenye chembe nyekundu za damu, inayoonyesha wastani wa miezi michache) ikipimwa mwanzoni na baada ya miezi 3, maana chembe nyekundu ya damu huishi takriban siku 120. Sukari ya kidole ya asubuhi moja haitoshi. Pengine jana hukula ugali usiku. Karela, tunda chungu linalosifiwa kwa kisukari, imefika hatua ya kujaribiwa kwa watu, na mapitio ya mwaka 2012 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaokusanya na kuchambua majaribio ya tiba, yalikuta ushahidi hautoshi.

Kauli nyingine ninazosikia: "Kichungu kinaua sukari." Hapana. Uchungu wa mwarobaini au shubiri ni habari ya ulimi, wala hauwindi glukosi kwenye damu.

"Wazungu wanaficha dawa za miti." Metformin yenyewe chimbuko lake ni mmea, *Galega officinalis*. Kiini chake cha asili kilikuwa na sumu mno, wakemia wakatafuta ndugu yake aliye salama, na mwaka 1957 daktari Jean Sterne akachapisha matokeo yake kwa wagonjwa huko Ufaransa. Leo ni miongoni mwa vidonge vya bei nafuu kabisa vya kisukari.

"Mtoto amepona, insulini ya nini?" Kisukari aina ya kwanza huwa na kipindi kifupi cha nafuu baada ya kuanza insulini, na mganga aliyepita wakati huo hupewa sifa. Insulini ya mtoto haiachwi hata siku moja. Wazazi, nawaomba sana.

"Ya asili haina kemikali." Katika nchi mbalimbali, unga wa "mitishamba" umekutwa umechanganywa kwa siri na glibenclamide, dawa ya hospitali ya kushusha sukari. Ukinywa dawa ya mtaani ukaanza kutoka jasho, kutetemeka na kuchanganyikiwa, koroga vijiko 3 vya chai vya sukari kwenye maji unywe, kisha nenda hospitali hata kama umepata nafuu, kwa sababu glibenclamide huweza kuishusha sukari tena baada ya saa kadhaa. Aliyepoteza fahamu asimiminiwe kitu mdomoni; akimbizwe. Na pakiti ije naye, hata ikiwa tupu.